Respicius Ana Miaka Mingapi?

Bowie, Maryland
28 Aprili 2025

Kaka Gervas,

Shikamoo. Kabla hujauliza habari za afya zetu, tafuta kiti ukae, maana nakujua. Respi amechaguliwa!

Ngoja nikueleze taratibu. Huku kila mwisho wa Aprili timu kubwa za nchi nzima hukaa kuchagua vijana wanaomaliza vyuo vikuu, timu moja baada ya nyingine kwa zamu, na kijana hana sauti kuhusu anakokwenda. Anaweza kutupwa upande wa pili wa nchi kwenye theluji tupu. Mwanangu amechaguliwa na timu ya hapa hapa kwetu. Kutoka nyumbani hadi kambini ni saa moja kwa gari kama hakuna foleni, na foleni haikosekani. Sebule ilijaa watu. Jirani yangu Chelagat, yule Mkenya wa Kericho niliyekusimulia, alipiga kelele hadi mbwa wa mtaa wakaanza kubweka: "Aki ya Mungu, Domina, kijana wetu ameingia! Si nilikushow?" Mimi nilikaa chini sakafuni na viatu vyangu vya kanisani nikalia kama mtoto.

Najua umekuwa ukiuliza kwa nini mchezo wa kushika mpira kwa mikono unaitwa mpira wa miguu, na bado sina jibu. Lakini nafasi anayocheza utaielewa. Wanaiita sefti. Ni yule anayesimama nyuma ya wenzake wote, na adui akishawapita wengine, amebaki yeye tu. Kwa lugha yako ni beki wa mwisho.

Furaha ingekuwa kamili kama si bwana mmoja mwenye tai kwenye televisheni. Alimsifu Respi vizuri kabisa: mikono mirefu, macho makali, anausoma mchezo. Halafu akasema, "Tatizo ni umri. Ana miaka ishirini na minne, Oktoba anatimiza ishirini na mitano. Unachokiona leo ndicho hicho hicho, hana tena pa kukua." Alisema kama mtu anayekagua gari lililotumika. Na kaka, kuchaguliwa si kubaki. Kambini wanaingia watu tisini, na mwisho wa Agosti wanabaki hamsini na watatu. Kocha akisita kati ya wawili, atabaki na yule anayeamini kwamba bado atakua.

Sasa nakuomba kitu. Nenda nyumbani Kamachumu unitafutie watu wazima wenye heshima zao, watakaokula kiapo mbele ya wakili kwamba Respicius ana miaka ishirini na miwili. Fanya haraka. Nitakueleza zaidi baadaye, sasa nachelewa kazini.

Mdogo wako,
Domina


Bukoba
5 Mei 2025

Domina,

Marahaba. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na mjukuu wangu Edna ataipiga picha akutumie kwa simu. Maana yake ameshaisoma, na ameniambia nipunguze ukali. Sipunguzi.

Unakumbuka nimefanya kazi gani zaidi ya kufundisha darasani na kuwa kocha wa timu ya shule? Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikaa kwenye kamati ya ligi ya vijana ya mkoa, na kazi yangu ilikuwa moja, kuwasaka vijeba. Nimemkamata golikipa wa chini ya miaka kumi na tano ambaye mkewe alimletea chakula uwanjani, na mtoto mgongoni anamwita baba. Nimemkamata winga aliyenyoa ndevu asubuhi, na kufika kipindi cha pili zikawa zimeanza kuchungulia. Makocha walinichukia na wazazi walininunia. Nilikuwa nawaambia neno lile lile: ukimkatia mtoto wako miaka, umemwibia mtoto wa mwenzako nafasi yake.

Leo dada yangu wa tumbo moja ananiomba nitafute wazee wa kuapa uongo. Vijeba wa watu niliwafukuza, nije nimtengeneze wa nyumbani? Kijana ana miaka ishirini na minne, basi acheze nayo hiyo hiyo. Huyo bwana mwenye tai amesema alichokiona.

Mwambie mjomba wangu Respi kwamba nimefurahi sana. Niliposoma kwamba amechaguliwa, hicho kiti nilikiacha nikasimama, nikatoka nje nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Ni kijana wetu, na nyuma ya wote amesimama yeye! Ila kuhusu kiapo, usiniandikie tena.

Kaka yako,
Gervas


Bowie
11 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Kosa ni langu, niliandika nusu habari. Lakini na wewe! Umesoma mistari miwili ukaniona mwizi. Sasa usome hii hadi mwisho kabla hujamwita Edna.

Nilipokuja Marekani, Respi alikuwa na miaka mitatu. Nilimwacha Kamachumu kwa marehemu mama yetu, na wewe wakati huo ulikuwa unafundisha Mwanza, ndiyo maana hukuyaona. Mtoto alikuwa msumbufu wa ajabu. Kila asubuhi alikuwa anawafuata wakubwa hadi shuleni, anarudishwa, kesho yake anakwenda tena. Mama akachoka. Alipofikisha miaka mitano akampeleka kuandikishwa. Unajua tulivyokuwa tunapimwa zamani: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, umefika miaka saba, unaingia darasa la kwanza. Basi mikono ya mwanangu ilikuwa kama ya nyani tangu utotoni. Akapitisha, akashika sikio lote, akalivuta. Mwalimu akasema huyu tayari. Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa wakati ule, kwa hiyo wakaandika miaka saba, na tangu siku hiyo akawa na saba.

Cheti kilipotafutwa kwa ajili ya safari yake ya kuja huku, mama alikwenda na umri wa shule, maana ndio uliokuwa umeenea kila mahali. Mimi niligundua karatasi zikiwa zimeshafika ubalozini. Ningezirudisha ningekaa miaka mingine bila kumwona. Nikasema tutarekebisha akifika. Alipofika, yule mtoto wa miaka minane aliyeandikwa kumi, nilimkumbatia pale uwanja wa ndege na sikutaka kusikia habari ya ofisi yoyote tena.

Kwa hiyo sijakuomba umkatie miaka, kaka. Aliongezewa miwili, nami naomba arudishiwe.

Mwenyewe hajui. Mwanzoni niliogopa atasema shuleni kama mtoto. Baadaye kila mwaka ulipopita, ikawa vigumu zaidi kuanza. Namwimbia wimbo wa kuzaliwa kila Oktoba na kila Oktoba naimba namba isiyo yake.

Nakutumia video zake za misimu miwili ya chuo, uangalie kwa macho yako mwenyewe. Yeye ni yule namba ishirini na sita.

Domina


Bukoba
1 Juni 2025

Domina mdogo wangu,

Marahaba. Nimekwenda Kamachumu. Sikukuamini wala sikukukataa, nilikwenda kama nilivyokuwa nakwenda kukagua kijeba yeyote, bila kumwambia mtu ninachotafuta. Nilianza kwa Vumilia, jirani wa mama. Hata sijamaliza kuuliza, akaniambia, "Respi? Yule nimemnyonyesha mimi, mwalimu! Domina alishikwa na malaria alipotoka kujifungua, nikawapokea wote wawili, wake huku na wangu huku. Na wake ndiye aliyekuwa anamaliza maziwa." Binti yake alikuwepo, anasoma uuguzi, ametimiza ishirini na miwili Oktoba iliyopita. Alimwuliza mama yake, "Kumbe nina kaka Marekani anacheza mpira na hamjaniambia?" Basi nilikosea, na hilo sitalirudia mara ya pili, umelisikia.

Sasa nikueleze habari za video, maana hapo ndipo nilipopata furaha yangu hasa. Edna aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukaangalia hadi chai ikapoa. Sheria za mchezo huo bado sizielewi, wanasimama mno, kama watu wanaosubiri kikao. Lakini mtoto namwelewa. Siri ya kumjua kijeba si ndevu, Domina, ndevu zinanyolewa. Kijeba hakui. Ukimwona msimu huu umemwona na msimu ujao, mguu ule ule, makosa yale yale. Nikamtazama Respi msimu wa mwaka juzi: akigeuka kukimbia, hatua mbili za kwanza anajikanyaga, na akimfikia mtu anafika amesimama wima kama mlingoti. Nikamtazama mwaka jana: zile hatua mbili zimepotea kabisa, na sasa anashuka chini kabla ya kugusana. Mabega yameongezeka lakini shingo bado nyembamba, shingo ya mtoto. Huyo hajamaliza. Mpe misimu mitatu, hutamtambua.

Na kuna lile tukio la mvua. Adui mwenye mpira amewapita wote, uwanja mzima umesimama, amebaki Respi. Hakumrukia! Alirudi nyuma, akaendelea kurudi, akamwachia upenyo upande wa mstari, jamaa akauingia mwenyewe kama kuku anayeingia bandani, na hapo ndipo akamfunga mlango. Nimefundisha mabeki maisha yangu yote, na subira ya namna ile niliwaomba, sikuipata. Kaipata wapi? Si kwako, wewe hukuwahi hata kusubiri maharage yaive.

Watu wa kuapa ninao. Vumilia yuko tayari hata kupanda ndege, ameshaanza kuuliza nauli. Lakini sitamfikisha mtu kwa wakili, wala wewe usifungue mdomo kwa kocha, mpaka Respicius mwenyewe aambiwe. Na aambiwe na mama yake, uso kwa uso, si kwa simu. Umri ni wake kabla haujawa wa timu.

Gervas


Bowie
23 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimemwambia, na sijui kama nimefanya vizuri.

Ilikuwa Jumapili, wiki mbili zilizopita, baada ya misa. Nilipika ndizi na maharage anavyopenda, nikamwacha ashibe kwanza. Halafu nikamwambia yote, sikio, cheti, ubalozi. Akaweka kijiko chini.

"Mama, hebu rudia," akasema. "Mimi ni twenty-two?"

"Ndiyo, baba."

"So nilipoingia ninth grade nilikuwa na miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo."

"Kumi na miwili, Mama. Nilikuwa na-tackle watu wenye ndevu!"

Nilidhani atacheka, kwa sababu mimi nilikuwa nataka kucheka. Hakucheka. Nikamwambia kuhusu Vumilia na wakili, kwamba tayari nimeuliza, karatasi zinarekebishika, ni kazi ya miezi tu, na kwamba kocha akijua mapema itamsaidia. Akainuka. Akaniambia, kwa Kiingereza sasa, na unajua akihama lugha amefunga mlango, kwamba nisimwambie mtu yeyote kwenye timu. Warekebishe karatasi, sawa, lakini timu imwache. Wakimtaka wamchukue kama walivyomwona. Akachukua begi lake akaenda mjini, mtaa wa Shaw, kwa Wayne, rafiki yake wa chuo, na kutoka hapo atakwenda moja kwa moja kambini.

Ananitumia ujumbe mfupi kila siku: "Niko sawa Mama." Ni maneno hayo hayo kila siku, hakuna zaidi. Amenikasirikia, na ana haki. Lakini kaka, kuna kijana mwingine kwenye nafasi yake, anaitwa Ethan, na kila gazeti linamwandika: mdogo, bado anakua, ana mbele. Mwanangu anaandikwa kwamba amekomaa. Nina dawa ya jambo hilo mkononi na nimekatazwa kuitoa. Ingekuwa wewe, ungekaa kimya?

Domina


Kambini
3 Agosti 2025

Mjomba Gervas,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika kwa Kiswahili tangu niondoke Kamachumu. Kime-rust kidogo, nisamehe. Wayne aliniambia nitumie simu initafsirie, nikakataa. Mama alinitumia zile sentensi zako kuhusu video na nimezisoma mara nyingi kuliko playbook, kitabu chetu cha mbinu.

Mjomba, Mama anadhani nimemkasirikia. Sio hivyo. Nakuandikia wewe kwa sababu nikienda Bowie nitalia mbele yake, na hapa kambini huwezi kuwa mtu anayelia. Tafadhali usimwambie.

Nilipofika Maryland waliniweka darasa la tano. Nilikuwa mdogo kuliko wote, nasoma polepole kuliko wote, nakimbia nyuma ya wote. Middle school wenzangu walianza kuota ndevu na sauti zao zikawa nzito, mimi sauti yangu kama ya Edna. Nilidhani nina kasoro. Kweli, mjomba. Nilidhani kuna kitu Mungu alisahau kuniwekea. Nilijifunza kucheza nyuma kwa sababu mbele walikuwa wananivunja. Nilijifunza kusubiri kwa sababu sikuwa na nguvu za kurukia mtu. Uliuliza subira nimeitoa wapi, basi ni huko. Mama alikuwa ananiambia, "Utakua tu, baba, utakua," na mimi nilikuwa nachukia hilo neno. Sasa naambiwa sikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa mtoto tu, kati ya wakubwa. Siku ile sikujua nicheke au nifanye nini, ndiyo maana niliondoka.

Kuhusu timu: sitaki mtu anipe nafasi kwa sababu ya namba ya miaka. Nataka kui-earn, niipate kwa jasho langu. Ethan ni mzuri sana, ana spidi kuliko mimi, na ni rafiki yangu. Ana miaka ishirini na tatu. TV wanamwita "the kid", yaani mtoto. Ni mkubwa wangu, mjomba! Kila wakisema hivyo nacheka ndani ya helmet.

Nataka kukuuliza kama kocha. Nikimfuata mtu mwenye spidi kuliko mimi, macho niweke wapi?

Wako,
Respi


Bukoba
9 Agosti 2025

Mjomba,

Marahaba, marahaba sana. Kiswahili chako hakina kutu yoyote, kina vumbi tu, litapanguswa.

Macho weka kiunoni kwake. Kichwa kinadanganya, mabega yanadanganya, hata miguu inadanganya. Kiuno hakijawahi kumdanganya mtu, kinakokwenda ndiko mwenyewe anakokwenda. Na usimfukuze mwenye kasi kwa nyuma, nenda ukamsubiri anakofika. Hilo unalijua tayari, nakukumbusha tu uache kujionea haya kwamba hukimbii kama Ethan.

Nilisoma barua yako nikainama juu ya meza. Nimekagua watoto wengi, wote walikuwa wameiba miaka. Sijawahi kumpata aliyeibiwa. Ulipigana na wakubwa wako tangu utoto, bila kujua, na hukulala chini. Nakuheshimu, Respicius. Nasema hivyo mimi ambaye wachezaji wangu wa zamani watakuambia kwamba sikuwasifu hata walipochukua kombe.

Siri yako naitunza. Lakini mpigie mama yako simu, japo dakika mbili, umwulize amekula nini. Atajua.

Na neno moja la mzee wa vijeba. Kunyamaza kwako hadi leo sikulaumu, kwa sababu umri huo wa uongo umekuumiza wewe peke yako. Siku umri huo utakapokupa kitu, hapo habari itabadilika. Hiyo siku utaijua mwenyewe, sina haja ya kukufundisha.

Mjomba wako,
Gervas


Bowie
27 Agosti 2025

Kaka Gervas,

Shikamoo. Jana ilikuwa siku ya kupunguza wachezaji. Nitakusimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, na leo siharakishi kwenda popote, nimeomba ruhusa kazini.

Kwanza ujue kwamba tangu katikati ya mwezi alianza kunipigia simu. Ananiuliza nimekula nini. Sikuelewa, ila nilijibu kila kitu, hadi chumvi.

Juzi asubuhi kocha wa mabeki alimwita ofisini. Huyu kocha si mtu wa maneno mengi. Akamwambia nafasi imebaki moja, yeye au Ethan, na kwamba ameamua. "Nakuchukua wewe," akasema. "Ethan ana kasi lakini bado mtoto, atatetemeka. Pale nyuma nahitaji mtu mzima. Wewe una karibu miaka ishirini na mitano, umekomaa, ndiyo maana huna papara." Akampa mkono.

Kaka, jambo ambalo sote tulidhani litamwangusha ndilo lililombeba! Mimi ningepokea ule mkono, ningerudi nyumbani nikapiga vigelegele. Yeye aliupokea, akatoka, akafika kwenye gari. Akakaa humo. Halafu akashuka akarudi ndani.

Akamwambia, "Coach, mimi sina ishirini na minne. Nina ishirini na miwili. Ethan ni mkubwa wangu kwa mwaka mzima. Kama umenichagua kwa sababu ya umri, basi umechagua mtu mwingine." Akamweleza karatasi zilivyokosewa, na kwamba wakili anazishughulikia. Kocha akamwambia aende nyumbani asubiri simu. Wala hakumpa mkono mara ya pili.

Aliponipigia kunieleza nilikuwa kwenye maegesho ya duka, na mifuko imejaa mikononi. Nilimgombeza, nakwambia ukweli. Nilimwambia, "Respi, hukuweza kunyamaza siku mbili?" Akaniambia, "Mama, ningekuwa kijeba." Neno hilo sikujua analijua. Nikajua limetoka kwa nani, na nikakukasirikia wewe njia nzima hadi nyumbani.

Jana tukakaa sebuleni na simu juu ya meza. Chelagat alikuja na chapati akashindwa kula hata yeye. Ikawa mchana. Kwenye televisheni majina ya walioachwa yakaanza kupita, na kila jina mimi naona la mwanangu. Saa tisa ikapita. Saa kumi kasoro simu ikalia. Alisikiliza, akasema "Yes sir" mara tatu, na uso wake haukuniambia kitu. Akaweka simu chini.

"Nimebaki," akasema.

Chelagat akaruka! Mimi niliuliza kama mjinga, "Kwa nini?" Akasema kocha alirudia kuangalia video zote za kambi, asubuhi nzima, peke yake. Akampigia akamwambia hivi: "Nilifikiri nimeona mtu mzima anayefanya kazi ya mtu mzima. Kumbe nimeona mtoto. Sasa niambie, ukikua itakuwaje?" Akacheka, na Respi anasema tangu kambi ianze hajawahi kumsikia yule mzee akicheka. Ethan naye hajapotea, amewekwa kikosi cha mazoezi, na wa kwanza kumpigia simu Respi alikuwa yeye.

Baada ya watu kuondoka alitoka nje. Nilidhani anakwenda Shaw. Nikamsikia anafungua buti la gari, akaingia na mabegi yote mawili na sanduku la viatu, akayapeleka chumbani kwake. Nikamwuliza, "Sasa una mshahara wako mwenyewe, si utafute nyumba?"

Akaniambia, "Mama, I'm twenty-two. Mtu wa twenty-two anaruhusiwa kukaa kwa mama yake. Nita-move out nikifika twenty-four."

Kisha akaniwekea mikono mabegani, akalia, yule mtu mzima wa kocha, na akaniambia mambo aliyokuwa akiyaogopa alipokuwa mdogo, ambayo nadhani wewe unayajua tayari.

Kaka, nilimwacha ana mitatu nikampokea ana minane. Miaka mitano ile hakuna kiapo cha kunirudishia, nimeshakubali. Lakini miwili hii mwanangu amenipa mwenyewe, na nimeipokea kwa mikono yote.

Mdogo wako,
Domina